Sura ya Sita: Sanduku la Kufuli Tatu

"Hii karatasi uliichapa wewe?"

"Nimeichapa mimi, afande, lakini sikuiandika mimi," Lightness alisema. "Tuelewane hapo kwanza kabla hatujafika mbali."

Sajenti Veronika hakucheka. Alikuwa amepanda gari la kwanza kutoka Kilwa Masoko mpaka Somanga, na sasa alisimama kwenye duka la Lightness la kuchapa na kutoa kopi, kando ya barabara kuu, na karatasi moja mkononi. Ilikuwa Ijumaa. Hasani, fundi simu wa kijiji cha Kinjumbi, alikuwa mahabusu huko Masoko tangu jana mchana, na leo saa nane faili lake lilitakiwa kufika mahakamani. Aliyemkamata ni Veronika mwenyewe.

Hasani alishukiwa kuiba jina. Akina mama wasuka mikeka wa Kinjumbi walikuwa na umoja wao, na umoja ulikuwa na tovuti. Hasani ndiye aliyewatengenezea miaka mitatu nyuma, akawasajilia na jina la tovuti hiyo kwenye kampuni moja ya Dar es Salaam. Kwa jina hilo watu wa Arusha, wa Unguja na wa nchi za mbali waliiona mikeka yao wakaagiza. Wiki iliyopita jina likachukuliwa. Sasa mtu akiliandika kwenye simu yake haoni mkeka hata mmoja. Anaona michezo ya kamari, na wanawake waliovaa nusu. Imamu mmoja wa Tanga, aliyetaka mikeka ya msikiti, ndiye aliyepiga simu kuuliza akina mama wa Kinjumbi wamepatwa na nini.

Neno la siri la kuliendesha jina hilo lilikuwa mahali pawili tu. Pa kwanza ni kichwani mwa Hasani aliyelitunga. Pa pili ni kwenye bahasha, na bahasha ilifungiwa ndani ya sanduku la umoja. Tena kijiji kizima kilijua kwamba zamani Hasani alibeti mpira mpaka akauza baiskeli ya marehemu baba yake. Kesi ilionekana imekwisha kabla haijaanza.

Kisha jana jioni, akipanga vielelezo, Veronika akaikuta karatasi hii kwenye faili la barua za umoja. Ilikuwa imegongwa muhuri wa IMEPOKELEWA, Jumanne ya wiki iliyopita. Jina lilichukuliwa Alhamisi ya wiki hiyo hiyo.

"'Mpendwa mmiliki,'" alisoma kwa sauti. "'Kampuni nyingine imeleta maombi ya kusajili jina la tovuti yenu. Mna saa arobaini na nane kuweka pingamizi. Bonyezeni hapa kuthibitisha kuwa ninyi ndio wenye jina. Mkichelewa haki yenu itapotea.' Imetoka Idara ya Ulinzi wa Majina. Hiyo idara iko wapi?"

"Mimi nijulie wapi? Ina ngao pale juu, ina rangi. Nikaona ya serikali."

"Nifungulie yenyewe. Sitaki karatasi, nataka barua pepe yenyewe."

Barua pepe za umoja zilifunguliwa kwenye mashine ya Lightness, kwa sababu Kinjumbi mtandao ulikuwa wa kuja na kuondoka. Lightness akaitafuta, akaipata, akasogeza kiti. Veronika aliwahi kupelekwa kozi ya wiki moja ya makosa ya mtandao. Alichokumbuka kilikuwa kidogo, ila alikikumbuka vizuri.

"Bonyeza hapo kwenye jina la aliyetuma."

Chini ya maneno Idara ya Ulinzi wa Majina ikatokea anuani yenyewe: herufi na tarakimu zilizochanganywa hovyo, na mwisho jina la kigeni lisilohusiana na idara yoyote.

"Ofisi ya serikali inaandika kwa anuani hii?"

"Hii hata tapeli wa kawaida angeona aibu," Lightness alisema.

"Sasa peleka mshale juu ya yale maneno ya bluu. Usibonyeze. Uweke tu."

Pembeni chini ya kioo pakajitokeza mahali ambapo maneno hayo yanampeleka mtu. Hapakuwa kwenye kampuni ya Dar es Salaam. Palikuwa kwingine kabisa.

"Risiti ya kampuni waliyosajilia ipo humu?"

Lightness akashuka chini kwenye barua za zamani, akaikuta. Jina lilikuwa limelipiwa mpaka mwezi wa tatu mwakani. Kalenda ya ukutani ilionyesha Agosti.

"Miezi saba imebaki," Veronika alisema. "Na jina likishasajiliwa, mwingine hawezi kuliomba. Ndiyo maana ya kusajili. Mtu anayekuharakisha kulinda kitu ambacho hakijaguswa, huyo ndiye anayekitaka."

Lightness aliitazama karatasi, akatazama kioo, akarudi kwenye karatasi. "Haya yote kwenye karatasi hayaonekani. Ikishachapwa inabaki ngao tu."

"Ngao na muhuri. Muhuri ni wa nani?"

"Wao wenyewe. Wale mama kila barua inayoingia wanaigonga. Hata ya harusi."

"Nani aliyekuja kuichapa?"

"Mama Monika, katibu. Hiyo Jumanne."

"Akarudi?"

Lightness akaanza kupanga kalamu kwenye kopo, bluu kwa bluu.

"Lightness."

"Alirudi Jumatano. Akasema nimfungulie pale penye maneno ya bluu. Nikamfungulia, nikampisha kiti. Afande, siri za watu mimi huwa natoka nje. Humu kuna watu wanaandikisha mpaka talaka."

"Alikaa muda gani?"

"Wa kupika chapati mbili."

"Alishika nini mkononi?"

"Kibahasha."

Veronika aliacha kuandika. "Jana nilikuja hapa, nikakuuliza. Hukusema neno."

"Uliniuliza kama Hasani amewahi kutumia mashine yangu. Nikasema ndiyo, amewahi. Ukafunga daftari ukaondoka."

Veronika akarudisha kurasa nyuma. Ilikuwa hivyo hivyo kama Lightness alivyosema: swali moja, jibu moja, na mstari chini yake. Akaufunika ule ukurasa kwa kiganja.

"Piga simu ile kampuni ya Dar sasa hivi," alisema. "Waambie jina limechukuliwa kwa ulaghai, walizuie lisihamishwe tena. Watumie risiti. Na hiyo barua usiifute."

*

Nyumba ya umoja ilikuwa katikati ya kijiji, kuta za udongo na paa la bati. Kwa kawaida wanawake kumi na tano walikaa humo wakisuka kili za ukindu na kuzishona pamoja kuwa mikeka. Barazani, peke yake, alikaa Mwanasha, mama yake Hasani. Ukindu ulikuwa mapajani mwake, nusu umetiwa rangi ya zambarau, na vidole vyake vilikuwa vinakwenda.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Hakuinua uso.

"Mbona uko nje?"

"Nimeambiwa nipumzike. Mikeka mingine ni ya kusalia, na mikono yangu imezaa mwizi."

"Nani kasema hivyo?"

"Mambo kama hayo hayasemwi kwa sauti, mwanangu. Mtu anasogezewa kigoda tu, mpaka anajikuta mlangoni."

Veronika akapiga hodi akaingia. Akawaomba wasukaji watoke, wabaki viongozi watatu. Mwenyekiti, Bi Moza, mjane wa karibu miaka sabini, ndiye aliyewasomesha Kurani nusu ya wasichana wa Kinjumbi. Monika, katibu, alikuja pale kama mke wa katekista na hakuondoka tena. Bi Somoe, mweka hazina, alikuwa mnene, mwepesi wa maneno.

"Umerudi, mtoto wa Likawage," Bi Somoe alisema, akitaja kijiji alikozaliwa Veronika. "Jana umetuchukulia faili. Leo umefuata nini, mkeka?"

"Nimefuata sanduku, bibi. Naomba tulifungue."

"Jana ulisema huna haja nalo," Monika alisema.

"Jana nilikosea."

Sanduku lilikuwa la bati la kijani, la aina wanayotumia watu wa vikundi vya kuweka na kukopa. Lilikuwa na kufuli tatu kwa mbele. Kila kiongozi alikaa na ufunguo mmoja, na nyumba zao zilikuwa mbalimbali.

"Wangu nimeuacha nyumbani," Bi Somoe alisema.

"Uko shingoni mwako, Somoe," Bi Moza alisema taratibu. "Utoe."

Kufuli zikafunguliwa moja baada ya moja, Bi Moza wa kwanza. Ndani mlikuwa na daftari la mihutasari, muhuri na kibweta chake cha wino, na juu ya vyote bahasha ndogo ya kaki. Mdomo wake ulikuwa umefungwa kwa gundi, na juu ya gundi sahihi zimepita.

"Mnaona? Haijaguswa," Bi Somoe alisema.

Veronika hakuigusa. Alitoa maelezo ya Hasani kwenye mkoba, akayasoma alivyoyaandika jana: "'Neno la siri niliandika kwenye karatasi nikaitia bahasha. Tulitia sahihi juu ya mdomo wa bahasha watu wanne, mama watatu na mimi wa mwisho, na chini ya sahihi yangu nikaweka tarehe.'" Akaikunja karatasi. "Hesabuni."

Hakuna aliyehesabu.

"Ni sahihi tatu," Veronika alisema. "Ya Hasani iko wapi? Na tarehe iko wapi?"

"Labda ilifutika," Bi Somoe alisema. "Zamani ile."

"Wino wa watu watatu umebaki, bibi, wa mtu mmoja ukafutika?"

Bi Somoe akaurudisha ufunguo wake shingoni.

"Hii ni bahasha mpya," Veronika alisema. "Ya zamani mliichana. Mimi tangu jana nilikuwa namtafuta mtu mmoja, na kosa langu liko hapo. Sanduku hili mtu mmoja halifungui. Wawili hawalifungui. Kama bahasha ilitoka, mlikuwepo wote watatu. Na iliporudi nyingine badala yake, mlikuwepo wote watatu."

Monika alivuta kanga akajifunika uso mzima, kama mtu aliye msibani. Bi Somoe alitazama mlango. Bi Moza ndiye aliyesogeza mkeka mdogo mbele ya Veronika.

"Kaa chini, mwanangu," alisema. "Umesimama sana."

Veronika akavua viatu, akakaa.

"Barua ilisema kuna mtu anataka kuandikisha jina letu," Bi Moza alisema. "Sisi hapa tumeona watu wakiamka asubuhi mikorosho ya babu yao imeshaandikishwa na mtu wa mbali. Tangazo la pingamizi lilibandikwa ofisini, wao hawakulisoma, siku zikapita. Marehemu mume wangu alikuwa mmoja wao. Ilipokuja hii, na muhuri wetu juu, nikasema safari hii hatuchelewi."

"Muhuri mliugonga wenyewe."

"Tuligonga wenyewe. Nikausahau hapo hapo. Ilipofika mbele ya kikao nikaiona ni barua yenye muhuri."

"Kisha?"

"Tukafuata utaratibu wote. Tukaitana. Nikaomba dua, Monika akafanya ishara yake ya msalaba. Kila mmoja akatia ufunguo wake. Monika akapewa bahasha aende nayo Somanga, na Somoe akamsindikiza mpaka kituoni asije akaibiwa njiani."

"Asiibiwe njiani," Bi Somoe alirudia.

"Nililiandika lile neno herufi kwa herufi," Monika alisema kutoka ndani ya kanga. "Nikalirudia mara mbili nisikosee. Mashine ikaniandikia asante."

"Duka la Hasani liko hatua hamsini kutoka hapa," Veronika alisema. "Angeiona mara moja. Kwa nini hamkumuuliza?"

Walitazamana. Bi Somoe akajibu. "Alitutania. Alisema tumelifungia lile neno kama mkufu wa bibi harusi, na siku tukilihitaji tutahitaji mshenga. Watu walicheka dukani. Tukasema hili tutalifanya wenyewe, atakuja kulisikia limekwisha."

Veronika alifungua daftari la mihutasari. Wiki iliyopita haikuwepo. Palikuwa na kipande chembamba cha ukurasa, kimekatwa kwa wembe, kimenyooka.

"Mliandika muhtasari?"

"Kila kikao tunaandika," Monika alisema.

"Mkauchoma."

"Utachomwaje?" Bi Moza alishtuka kweli. "Juu umeanza na Bismillahi, na chini huyu ameandika Amina. Jina la Mungu unalitia kwenye moto? Uko nyumbani kwangu, juu ya rafu, chini ya msahafu. Kila nikiuinua msahafu niufungue, nakutana nao kwanza."

Bi Somoe akatumwa kuuleta. Alirudi ameushika kwa mikono miwili. Ulikuwa na tarehe ya Jumatano, waliohudhuria watatu, na ajenda moja: kutoa neno la siri ili kulinda jina. Sahihi tatu. Veronika aliusoma mara mbili. Kwa miaka kumi na moja ya kazi hakuwahi kuona ungamo lililopangwa vizuri namna ile.

"Kwa nini mliniambia ni Hasani?"

"Hatukukuambia," Bi Somoe alisema.

"Bibi, usinichezee."

"Sikuchezei. Uliuliza, 'Hasani anabeti, siyo? Neno la siri analijua yeye, siyo?' Tukasema ndiyo, maana ni kweli. Ukauliza kama tunamshuku. Tukanyamaza."

Kwa mara ya pili asubuhi ile Veronika alirudisha kurasa za daftari lake. Maandishi yalikuwa yake. *Wazee watatu wanathibitisha.* Juu ya mstari huo na chini yake hapakuwa na neno lolote lililotoka kinywani mwa wazee hao.

"Ningeanzaje?" Bi Moza alisema. "Niseme mimi, ninayewafundisha watoto wa watu halali na haramu, nimewapa wacheza kamari jina la mikeka ya kusalia, kwa mkono wangu? Imamu alipopiga simu nikaelewa tulichofanya, nikasema nitasema kesho. Kesho ukaja wewe na pingu. Nimesali nalo jana, adhuhuri mpaka isha. Leo siwezi kusali nalo tena."

"Jina litarudi?" Monika aliuliza.

"Sijui, mama. Tumeomba lizuiwe. Litarudi au halitarudi."

Saa ilikuwa sita kasoro dakika kumi. Veronika alitoka nje nyuma ya nyumba, akampigia mkuu wake, Inspekta Dominick.

"Afande, faili la Hasani lisiende mahakamani."

"Jana uliniambia umelimaliza kwa siku moja. Nikakusifia mbele ya watu."

"Jana nilikosea, afande. Nina barua ya matapeli, nina shahidi wa Somanga, nina muhtasari wenye sahihi tatu. Hasani hakugusa."

"Na hao watatu walisema nini jana?"

"Walinyamaza. Mimi ndiye niliyeandika kwamba wamesema."

"Hilo utaliandika pia," Inspekta Dominick alisema. "Kwa mkono wako, uniletee. Nataka maelezo ya hao wazee yaliyosainiwa, uyapige picha unitumie kabla ya saa saba. Yakichelewa, kijana anakwenda mahakamani, atakaa ndani mpaka Jumatatu."

*

Maelezo ya Monika na ya Bi Somoe yalikuwa mafupi, yakasainiwa; ya Bi Moza yalijaza kurasa mbili. Alisema taratibu, Veronika akaandika maneno yake kama yalivyotoka, bila kuongeza. Walipomaliza Bi Moza akanyoosha mkono apewe kalamu.

"Bado," Veronika alisema. "Sheria inataka nikusomee kwanza, uyasikie kama ndiyo uliyoyasema."

Bi Moza aliitazama karatasi, kisha mlango. Kivuli cha Mwanasha kilikuwa kimelala pale kizingitini, mikono inakwenda.

"Sauti yako inafika nje?"

"Nikitaka, inafika."

"Usitake." Akatikisa kichwa. "Hapana. Sitaki ayasikie kwa kusikiliza mlangoni. Mwanasha! Ingia ndani, mwenzangu."

Mwanasha akaingia akasimama, ukili umening'inia mkononi. Bi Somoe alimpisha nafasi katikati ya mkeka. Hakukaa.

Veronika akasoma. Alisoma barua na muhuri, dua na funguo, Somanga na bahasha mpya, na mwisho: *Nilijua kwamba Hasani hakufanya. Nilikuwepo alipopitishwa hapa mbele ya nyumba amefungwa pingu. Nilitazama chini.* Monika alikuwa analia bila sauti. Bi Moza alitia sahihi, akavuta pumzi, akamgeukia Mwanasha.

"Mwanasha, mwenzangu, nimekukosea wewe na mwanao, na…"

"Anatoka saa ngapi?" Mwanasha alimuuliza Veronika.

"Nikishatuma haya, saa nane au saa tisa, mama."

"Jana ulimtoa dukani kwake. Watoto wa shule walikuwa wanatoka. Mkewe alikuwa sokoni, akaambiwa na muuza samaki." Alisema bila hasira, kama mtu anayetaja vitu vilivyopotea. "Leo utamrudisha vipi? Utamshusha barabarani ajitembelee mwenyewe?"

Veronika akasimama.

"Nitamrudisha mpaka pale pale, mama. Mbele ya watu. Na nitasema kwa kinywa changu kwamba nilikosea."

"Wewe peke yako?"

Bi Moza alikuwa ameshaanza kuinuka, mkono mmoja ukutani. Goti lilimkatalia mara ya kwanza, na hakuna aliyemshika. Mara ya pili likakubali.

"Sote," alisema. "Twende tukamchukue sisi."

Mwanasha aliwatazama mmoja mmoja, wote watatu, mpaka kila mmoja akaangalia pembeni. Kisha akaukunja ukili wake, akautia kwapani.

"Basi vaeni viatu," alisema. "Kutoka hapa mpaka Masoko ni mbali, na mimi sitakaa kiti kimoja na yeyote kati yenu."